Jembe Bila Shamba: Wilaya ya Salsky na Hesabu ya Watu Wake

Wahenga waliacha methali ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili huijua tangu madarasa ya chini: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkumbusha mgeni kwamba haifai akae bure akila jasho la mwenyeji. Hata hivyo, ina upande wa pili usiozingatiwa sana. Anayepewa jembe huwa ameonyeshwa pia pahali pa kulima. Jembe lenyewe ni ishara ya kukubaliwa. Kuanzia siku ya tatu, mgeni amekwisha kuwa mtu wa pale. Je, itakuwaje iwapo mgeni atashika jembe siku ya kwanza, alime miaka thelathini, azae na kuzika papo hapo, na bado daftari la mji liendelee kumwandika mgeni? Na itakuwaje kwa yule ambaye daftari limemwandika mwenyeji, lakini lugha yake, dini yake na sura yake vinamfanya aonekane mgeni machoni pa wote? Maswali haya mawili yaliishi pamoja, ua kwa ua, katika wilaya moja ya zamani ya Wakosaki kusini mwa Urusi. Jina lake ni Salsky.

Msomaji wa fasihi humjua Mkosaki kupitia kalamu za Warusi wakubwa. Gogol alimwandika, Tolstoy akamwandika, naye Sholokhov, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1965, alimweka katika riwaya ndefu ya mto Don. Katika kurasa za waandishi hao Mkosaki ni mpanda farasi, ni mtu wa upanga, Mkristo wa Kiothodoksi anayezungumza Kirusi au Kiukraini. Taswira hiyo si ya uongo, ila ni pungufu. Neno lenyewe la kumtaja halikutoka katika Kirusi. Wanaisimu wanakubaliana kwamba asili yake ni lugha za Kituruki, ambamo lilimaanisha mtu huru, mtu asiye na bwana, anayetangatanga nyikani. Mwanzoni, basi, Ukosaki haukuwa kabila. Ulikuwa hali ya maisha. Mkulima aliyemtoroka mmiliki wake, akafika Don, akapokewa na kundi lenye silaha lililomchagua kiongozi wake, yaani ataman, katika baraza la watu wote, alikuwa Mkosaki. Walioko Don walishikilia kanuni moja kwa ukali: anayefika hapa harudishwi alikotoka.

Uhuru huo haukudumu. Mwaka 1707 watu wa Don, wakiongozwa na Kondraty Bulavin, waliasi baada ya majeshi ya Peter wa Kwanza kuja kuwasaka watoro. Uasi ulizimwa mwaka uliofuata, na tangu hapo uteuzi wa ataman mkuu ukawa mikononi mwa mfalme. Karne moja baadaye, mwaka 1805, Ataman Matvei Platov aliasisi Novocherkassk kama makao makuu mapya, kwa kuwa mji wa kale wa Cherkassk ulikuwa ukifurika maji kila mto ulipopanda. Kisha, mwaka 1835, ikaja sheria iliyopanga kila kitu. Kila Mkosaki mwanamume alistahili mgao wa ardhi wa desiatina 30, ambazo ni takriban hekta 33. Kwa upande wake, alidaiwa utumishi wa kijeshi. Kwa kanuni za mwaka 1875 utumishi huo ulikuwa wa miaka 20, akihesabiwa tangu umri wa miaka 18, naye alipaswa kujinunulia farasi, mavazi na upanga. Mtu huru wa nyikani alikuwa amegeuka mtumishi wa serikali kwa kuzaliwa. Ukosaki ukawa tabaka la kisheria: mtu aliuingia kwa kuzaliwa ndani yake, na kutoka kwake hakukuwa rahisi.

Mpango huo ulikuwa biashara, na kama biashara yoyote ulitegemea mali iliyopo. Watu walizaliana, ardhi haikuzaliana. Kufikia mwisho wa karne ya 19 mgao wa desiatina 30 ulikuwa umebaki hadithi katika sehemu nyingi za Don, ilhali gharama ya farasi haikupungua. Ni muhimu kulikumbuka jambo hili, kwa sababu mwenyeji anayehofia shamba lake kupungua si mwepesi wa kumgawia mgeni.

Mwaka 1897 dola ya Urusi ilifanya sensa yake ya kwanza ya watu wote. Wakati huo Mkoa wa Jeshi la Don, kama ulivyoitwa rasmi, ulikuwa na wilaya tisa na wakazi zaidi ya milioni mbili na nusu. Msomaji anayedhani kwamba mkoa wenye jina la Wakosaki ulijaa Wakosaki atashangaa: walikuwa kiasi cha asilimia 40 tu. Waliosalia walikuwa wakulima, wengi wao kizazi cha watumwa wa ardhi waliopewa uhuru mwaka 1861. Wafanyabiashara na vibarua wa Rostov na Taganrog, miji iliyounganishwa na mkoa huo mwishoni mwa miaka ya 1880. Wajerumani, Waarmenia, Wayahudi, na wahamiaji wengine wengi. Sensa hiyo haikumuuliza mtu kabila lake. Ilimuuliza lugha ya mama, dini, na tabaka lake la kisheria. Maswali matatu tu, lakini katika wilaya ya Salsky majibu yake yalikataa kulala katika mstari mmoja.

Salsky ilikuwa wilaya changa. Iliundwa mwaka 1884 mashariki mwa mkoa, ng'ambo ya kushoto ya Don, katika nyika iliyo kati ya mto Sal na mto Manych. Makao yake yalikuwa Velikoknyazheskaya, mji ambao leo unaitwa Proletarsk katika Mkoa wa Rostov. Wakazi wake hawakufikia 100,000. Nchi yenyewe ni kavu, yenye magadi, na upepo hauna kilima cha kuuzuia. Mvua ikipita pembeni ngano hukauka. Ikinyesha, majani hufika magotini mwa farasi. Kwa hiyo utajiri wa kwanza wa Salsky ulikuwa farasi. Sehemu kubwa ya nyika ilikodishwa kwa wafugaji matajiri kwa bei nafuu, kwa sharti kwamba waliuzie jeshi farasi wa kupandwa. Reli ilipopita hapo mwishoni mwa miaka ya 1890, ngano nayo ikapata njia ya kwenda sokoni, na pamoja na reli wakaja watu wa kuilima.

Kabla ya kuitwa Salsky, eneo hilo lilikuwa la Wakalmyk. Hawa ni watu wenye asili ya Kimongolia, waliohama kutoka Dzungaria, katikati ya Asia, na kufika Volga ya chini mwanzoni mwa karne ya 17. Lugha yao ni ya jamii ya Kimongolia, dini yao ni Ubudha wa Kitibeti. Mwaka 1648 mtawa msomi wao, Zaya Pandita, aliibuni hati maalumu ya kuiandikia lugha hiyo, na waghani wao waliimba tendi za shujaa Jangar kwa kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1771 wengi wao waliondoka Volga kurudi Dzungaria, safari iliyowaua watu wasiohesabika njiani. Lakini sehemu moja ya Wakalmyk ilikuwa imekwisha kujitenga mapema na kujiunga na Wakosaki wa Don, ikipigana upande wao. Mwishoni mwa karne ya 18 serikali iliwatambua kuwa sehemu ya Jeshi la Don. Wakaitwa Buzava, na sheria ikawaandika Wakosaki.

Hapo ndipo taswira ya vitabu inapopasuka. Katika Salsky kulikuwa na stanitsa 13 za Wakalmyk. Stanitsa ni kijiji kikubwa cha Wakosaki chenye baraza na ataman wake. Kadhaa kati yake zilibeba majina ya maataman wa Kirusi, mathalani Platovskaya, Denisovskaya na Grabbevskaya. Ndani ya stanitsa hizo hapakuwa na msalaba juu ya paa la ibada. Palikuwa na khurul, hekalu la Kibudha. Kijana wa Kikalmyk alipotimiza umri alinunua farasi, akavaa sare yenye mistari myekundu kwenye suruali, akaenda kutumikia kikosi cha Don sawasawa na mwenzake wa Kiothodoksi. Sensa ilipomuuliza lugha, alijibu Kikalmyk. Ilipomuuliza dini, alijibu Ubudha. Ilipomuuliza tabaka, alijibu Mkosaki. Majibu yote matatu yalikuwa ya kweli. Wasemaji wa Kikalmyk katika mkoa mzima walikuwa zaidi ya 30,000, na sehemu kubwa mno ya hao iliishi katika wilaya hii moja.

Sasa na amgeukie msomaji jirani wa Mkalmyk huyo. Mwaka 1868 sheria iliwaruhusu watu wasio Wakosaki kununua nyumba katika ardhi za Wakosaki. Neno 'nyumba' linapaswa kusomwa kwa makini, kwa maana nyumba iliuzwa lakini kiwanja hakikuuzwa. Aliyenunua aliendelea kulipa ada kila mwaka kwa ardhi iliyokuwa chini ya sakafu yake. Hakupata mgao wa shamba, alikodi. Hakupiga kura katika baraza la stanitsa, hata pale baraza lilipoamua juu ya kisima anachoteka maji au malisho ya ng'ombe wake. Kirusi kilimpa jina inogorodnie, maana yake watu wa mji mwingine. Mjukuu wake aliyezaliwa Salsky, ambaye hakuwahi kuuona mji mwingine wowote, aliitwa pia mtu wa mji mwingine. Huyu alizungumza Kirusi au Kiukraini na kusali kanisani kama Wakosaki walio wengi. Kwa lugha na dini alifanana na taswira ya Mkosaki wa vitabuni. Kwa daftari alikuwa mgeni. Jembe alikuwa nalo tangu alfajiri. Shamba hakuwa nalo.

Mambo makubwa kama haya hueleweka vyema yanapotazamwa kupitia maisha ya watu. Katika vitongoji vya Platovskaya walizaliwa watoto wawili, wakipishana miaka minne. Wa kwanza, Oka Gorodovikov, alizaliwa mwaka 1879 katika kitongoji cha Mokraya Yelmuta. Alikuwa Mkalmyk, na kwa hiyo Mkosaki. Wa pili, Semyon Budyonny, alizaliwa mwaka 1883 katika kitongoji cha Kozyurin. Babu yake alihamia kutoka upande wa Voronezh. Yeye, basi, alikuwa inogorodnie. Ukimwonyesha mgeni picha za wanaume hawa wawili na kumwambia achague Mkosaki, atamwonyesha Budyonny, mwenye masharubu mapana ambayo baadaye yalijulikana duniani kote. Atakuwa amekosea. Mkosaki ni yule mwingine.

Hata hivyo, haki ya Gorodovikov ilikuwa kubwa zaidi kwenye karatasi kuliko mezani. Ujana wake ulipita katika kuchunga mifugo ya matajiri. Budyonny naye alipelekwa akiwa mtoto kumtumikia mfanyabiashara, kwa kuwa baba yake hakuwa na ardhi ya kuwalisha wanawe. Wote wawili waliingia jeshini mwaka 1903, mmoja katika kikosi cha Wakosaki, mwingine katika wapanda farasi wa kawaida. Wote walijua farasi kwa sababu nyika ya Salsky haikuwafundisha kitu kingine kwa bidii hiyo. Umaskini haukuwa umesoma daftari la serikali.

Novemba 1917 utawala mpya wa Wabolshevik ulifuta kwa amri moja matabaka yote ya kisheria. Siku hiyo, kwa maandishi, hapakuwa tena na Mkosaki wala mtu wa mji mwingine. Palikuwa na raia. Lakini kilichoandikwa katika mioyo kwa miaka hamsini hakifutwi kwa wino wa siku moja. Wenye mgao waliona kwamba wasio na mgao wamekuja kuutwaa. Wasio na mgao waliona kwamba siku ya tatu imewadia hatimaye. Katika majira ya baridi ya 1918 majirani wa Salsky walianza kuuana. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Januari 1919, uongozi wa chama cha Bolshevik ulitoa agizo la siri lililoamuru ukatili wa jumla dhidi ya Wakosaki matajiri, na dhidi ya wote walioshiriki kuupinga utawala wa Kisovieti. Agizo hilo lilisitishwa Machi, lakini damu ilikuwa imekwisha kumwagika, na uasi ulikuwa umewaka upande wa juu wa Don. Tabaka lililofutwa kisheria mwaka 1917 lilifufuliwa mwaka 1919 ili liadhibiwe.

Budyonny na Gorodovikov walijikuta upande mmoja, upande wa Wekundu. Budyonny aliunda kikosi Platovskaya kwenyewe mapema mwaka 1918. Kufikia Novemba 1919 alikuwa mkuu wa Jeshi la Kwanza la Wapanda Farasi. Gorodovikov aliongoza divisheni chini yake, na mwaka 1920 akakabidhiwa Jeshi la Pili la Wapanda Farasi. Lakini itakuwa kosa kuhitimisha kwamba Wakalmyk wote walifuata njia hiyo. Wengi wa watu wa stanitsa zile 13 walipigana upande wa Weupe, na waliposhindwa walikimbia na familia zao, mikokoteni na sanamu zao takatifu hadi bandari ya Novorossiysk, Machi 1920. Meli hazikuwatosha. Waliobahatika walivuka bahari hadi Constantinople, na kutoka hapo wakatawanyika Serbia, Bulgaria, Chekoslovakia na Ufaransa.

Mwaka 1929 wakimbizi hao walifungua hekalu la Kibudha mjini Belgrade, katika kiwanja walichopewa na mwenye kiwanda cha matofali. Ni jambo la kutafakari. Watu ambao nchi yao wenyewe iliwaona Waasia waliovaa sare ya Kirusi, walipewa ardhi ya ibada na mgeni wa kabila jingine, dini nyingine, ambaye hakudai kura wala ada. Vita vya Pili vya Dunia viliwang'oa hata huko. Hekalu liliharibiwa mwaka 1944, na baadaye jengo lililosalia likabomolewa. Baadhi yao walifika katika kambi za wakimbizi Ujerumani. Walipoomba kuingia Marekani, sheria ya uhamiaji ya wakati huo ilitaka kwanza kujua kama wao ni Waasia. Mwaka 1951 uamuzi rasmi ulitolewa kwamba, kwa madhumuni ya sheria hiyo, Wakalmyk wahesabiwe weupe. Wakaingia, na wengi wakafanya makao New Jersey, ambako walijenga mahekalu. Sensa ya 1897 iliwauliza maswali matatu. Marekani iliwauliza la nne, ikajijibu yenyewe.

Waliobaki nyumbani walipata hesabu chungu zaidi. Katika miaka ya 1920 wengi wao walihamishiwa jimbo jipya la Wakalmyk upande wa mashariki, na kwa waliosalia kando ya Sal iliundwa mwaka 1929 wilaya ndogo iliyopewa jina lao. Desemba 1943, baada ya majeshi ya Ujerumani kufukuzwa, serikali ya Stalin ililishutumu taifa zima la Wakalmyk kwa kumsaidia adui. Ni kweli kwamba baadhi yao walipigana upande wa Wajerumani. Ni kweli vilevile kwamba maelfu walikuwa wakati huo huo katika Jeshi Jekundu. Daftari halikutofautisha. Tarehe 28 Desemba na iliyofuata, zaidi ya watu 90,000 walipakiwa kwenye mabehewa ya mizigo na kupelekwa Siberia katikati ya baridi kali. Machi 1944 ikafika zamu ya wale wa Mkoa wa Rostov, na wilaya yao ndogo ikafutwa. Serikali iliporuhusu kurudi, mwaka 1957, jimbo la Kalmykia lilirejeshwa. Wilaya ya kando ya Sal haikurejeshwa. Stanitsa 13 za Buzava zilikoma kuwa zao.

Wakati huo wote Gorodovikov alikuwa jenerali. Wenzake wa damu walipokuwa wakichimba udongo ulioganda, yeye alibaki na nishani zake. Mwaka 1958 alitangazwa Shujaa wa Umoja wa Kisovieti. Miaka miwili baadaye akafariki. Budyonny alikuwa mmoja wa majemadari watano wa kwanza waliopewa cheo cha Marshal mwaka 1935, na aliishi hadi 1973. Farasi waliozalishwa katika nyika za Rostov kwa ajili ya jeshi wamepewa jina lake. Na si farasi pekee. Ile stanitsa ya Platovskaya, iliyopewa jina la ataman Mkosaki na kukaliwa na Wakalmyk, leo inaitwa Budyonnovskaya. Kijiji ambacho hakikuweza kuipa familia ya mtu wa mji mwingine kipande cha shamba kimeishia kubeba jina la mwanawe.

Haraka ya msomaji yaweza kumwambia kwamba hapo ndipo haki ilipotimia: mgeni amepata jembe, shamba na hata jina la kijiji. Lakini katika kijiji hicho hicho Wakalmyk waliokuwa wenyeji walitoweka. Hesabu ya Salsky haikusawazishwa, ila iligeuzwa juu chini. Aliyekuwa ndani akatolewa, aliyekuwa nje akaingizwa, na mlango ukabaki ule ule.

Fasihi ina kazi katika jambo hili, wala si kazi ndogo. Daftari la serikali huuliza mtu ni nani kwa kumpa visanduku, na kila kisanduku hulazimisha vingine vifungwe. Mkosaki wa Kibudha anayezungumza Kikalmyk hakuwa kioja kwa jirani zake wa Platovskaya. Alikuwa mtu wanayemjua kwa jina, aliyewakopesha farasi au aliyekataa kuwakopesha. Mtu wa mji mwingine hakuwa wa mji mwingine kwa mke wake. Kioja kilizaliwa katika karatasi, kisha karatasi ikashika bunduki. Mwandishi anayemchora mhusika wake kwa kisanduku kimoja, awe mwenyeji au mgeni, hufanya kazi ya karani wa sensa bila mshahara wa karani.

Methali ya wahenga, basi, inastahili kusomwa upya na kwa ukamilifu. Siku ya tatu mpe jembe, naam. Lakini siku ya nne muulize kama ana pa kulilimia. Na siku ya tano, usisahau kutazama ni nani aliyeondolewa ili shamba hilo lipatikane.